Mwenyekiti wetu alisimama akasema "pampu niliiua mimi". Wakubwa wanashindwa nini?

#1 Mwana wa Bahi

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine nyote salaam.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu Oktoba ya mwaka juzi. Jana nimemsikiliza kiongozi mmoja redioni akizungushazungusha maneno dakika ishirini nzima ili tu asitamke neno "nilikosea", nikaona leo nilitoe.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye kijiji kimoja huku wilaya ya Bahi. Kijiji sikitaji, wenyewe watajijua. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu ya sola, tangi na vilula vinne. Ndoo shilingi 50. Kwa mtu wa mjini hii ni hadithi, lakini aliyekaa huku mwezi wa kumi anaelewa: vumbi limetanda, lambo limebaki tope, ng'ombe na binadamu wanapanga foleni moja.

Mwenyekiti wetu wa wakati huo, nitamwita Mzee, alikuwa na ndoto ya kufikisha maji kitongoji cha juu. Kwao wanateremka na ndoo wanapanda nazo, kilima kile si mchezo. Fundi aliyepima kisima alishatwambia: kinatoa lita 3,000 kwa saa, msikizidishe. Mzee akaenda mjini, akarudi na pampu ya mtumba ya lita 6,000 pamoja na paneli za kuongezea. Jumla shilingi 4,600,000. Taratibu zikafuatwa, hela ikatoka.

Siku ya kwanza maji yalipopanda kule juu zilipigwa vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Siku ya 12 maji yakaanza kuja na rangi ya chai. Siku ya 19 pampu ikanyonya hewa mchana kutwa, jua kali, hakuna aliyejua. Jioni ikafa. Wiki tatu hatukuwa na maji. Wenye mikokoteni ya punda walipandisha dumu kutoka 500 hadi 1,000 na hawakuona haya.

Ukaitwa mkutano wa kijiji, pale chini ya mbuyu. Kila mtu alijua itakavyokuwa. Atalaumiwa fundi, atalaumiwa muuza duka, mwisho tutaambiwa ni mpango wa Mungu. Mzee akaja na gunia. Akalifungua mezani, akaitoa ile pampu. Walioketi mbele waliisikia harufu ya waya ulioungua. Akasema, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Fundi aliniambia lita elfu tatu. Nikamwona mwoga. Sikumuuliza mara ya pili kwa sababu nilishajua atanijibu nini. Pampu hii niliiua mimi."

Akakaa. Kimya. Mtendaji anapekuapekua karatasi zake kama anatafuta kitu. Bibi mmoja wa makamo akauliza bila hata kusimama: "Sasa umesema. Maji yanarudi lini?"

Msidhani alishangiliwa. Alivuliwa uenyekiti siku hiyohiyo, na mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi. Aliuza dume lake moja akachangia pampu mpya. Lakini angalieni yaliyofuata. Mchango wa shilingi 5,000 kwa kaya, ambao kwetu huwa unakusanywa kwa miezi na kwa matusi, ulitimia ndani ya siku 11. Halafu yule fundi akarudi. Alishaapa kwamba akisingiziwa hakanyagi tena pale kijijini. Alipopelekewa habari ya mkutano alikuja na pikipiki yake, akateremsha pampu mpya na kufunga kile kifaa cha kuizima maji yakipungua, akachukua hela ya mafuta tu.

Ndiyo hoja yangu wakuu. Tunalichukulia suala la kukiri kosa kama suala la tabia njema, kama kusalimia wakubwa. Mimi naona ni kama kipimo cha kisima. Kiongozi akificha kosa, hakuna anayejua kilichoharibika ni kipi, kwa hiyo kinatengenezwa kisichoharibika. Sisi tungemfukuza fundi, tungeshitakiana na muuza duka, halafu tungenunua pampu nyingine kubwa vilevile.

Na kuna lugha ya kuficha, mmeiona? Siku hizi hakuna makosa nchini, kuna "changamoto". Changamoto haina mwenyewe. Fedha "zilitumika", mradi "ulichelewa", wananchi "waliathirika". Kila kitu kimetendeka chenyewe. Na ile ya mwisho wa hotuba, "kama kuna niliyemkwaza anisamehe". Kama! Mtu kakukanyaga kidole anakwambia kama umeumia pole.

Karibuni.

#2 Mtumishi Mtumba

Mkuu hadithi nzuri, lakini Mzee wako alipoteza nini? Uenyekiti usio na mshahara na dume moja. Njoo huku maofisini. Ukiandika kwenye taarifa "nilikosea makadirio", karatasi hiyo inakaa kwenye faili lako mpaka unastaafu. Atakuja bosi mwingine, ataisoma, utatumbuliwa kwa jambo la miaka sita nyuma. Mwenzako aliyeandika "changamoto za kibajeti" yeye anapandishwa cheo.

Kwa hiyo msiwalaumu sana viongozi. Ni kikundi cha watu waliofundishwa na mfumo kwamba anayesema ndiye anayeliwa.

#3 Kijana wa Nkuhungu

#2 umeongea kama umelishwa kiapo 😂😂

#4 Mzee wa Mbande

Vijana, mmekaa Dodoma mnatafuta mifano mbali na Kongwa iko hapo.

Marehemu baba yangu alifanya kibarua kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza. Vita imeisha, kwao mafuta ya kula hayapatikani, wakaja watu wachache mwaka 1946 kukagua Tanganyika kwa wiki chache, wakaandika ripoti: zilimwe eka zaidi ya milioni 3 za karanga, sehemu kubwa huku Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 wakaanza na Kongwa. Matrekta yalikuwa haba, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mwaka wa kwanza walitaka eka 150,000. Hawakupata hata sehemu ya kumi ya hizo.

Baba alikuwa akisema udongo ule ukinyeshewa unalimika vizuri, ukikauka ni saruji. Karanga inazaa chini, unaing'oaje kwenye saruji? Mbuyu mmoja ulimaliza siku nzima na mnyororo ukakatika. Mvua yenyewe ya huku mnaijua. Mgogo yeyote angewaeleza hayo kwa bakuli la mlenda.

Sasa kosa la kupanga vibaya mimi nawasamehe. Shida za baada ya vita zilikuwa za kweli. Lakini yaliyoonekana mwaka 1947 yalikuja kukubaliwa lini? Januari 1951 ndipo mpango ukafutwa, pauni milioni 36 na ushee zimekwenda. Mpaka mwanzoni mwa 1950 waziri wao aliyesimamia chakula, John Strachey, alikuwa akiutetea bungeni kwao London. Watu waliokuwa shambani wanaona mnyororo unakatika, waliokuwa London wanaona heshima ya serikali. Wanasema karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile zilizoletwa kwa mbegu.

Kwa hiyo Mwana wa Bahi yuko sawa. Kosa la siku 19 ni pampu. Kosa la miaka minne ni Kongwa.

#5 Mwana wa Bahi

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mwisho ningelijua mapema ningelianzia hapo.

#6 Mama Zabibu, Hombolo

Mimi nitamjibu #2 maana ndiye aliyesema la maana, ingawa sikubaliani naye.

Nchi hii tumewahi kuwa na watu walioweza. Tuanze na Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walikamatwa huko Shinyanga kwa tuhuma za mauaji ya vikongwe, baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumgusa mtu, pengine hata habari hakuwa nazo. Mwaka 1977 akaachia ngazi. Akapelekwa ubalozi Misri. Mnajua kilichofuata: 1984 Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano. Lile faili alilolisema #2 lilikuwepo, na kila mtu alilisoma. Ndilo lililombeba.

Mwalimu naye. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Wakulima wakabaki hawana pa kusemea. Baadaye, akiwa bado Rais, alisema wazi kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya mambo hayo mawili asingeyafanya. Na hayakuwa maneno matupu: sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimesharudisha vyote viwili. Hata ile tathmini yake ya Azimio la Arusha mwaka 1977, baada ya miaka 10, hakuandika kwamba tumefika. Aliandika kwamba bado hatujawa wajamaa wala hatujajitegemea. Rais wa nchi anaandika hivyo juu ya kazi yake mwenyewe!

Mimi ni mkulima wa zabibu. Chama cha msingi ninachouzia leo kipo kwa sababu kuna mkubwa alikubali kwamba alikosea kuvifuta. Hilo kwangu si historia, ni ada ya shule ya wanangu.

#7 Mtumishi Mtumba

Dada yangu, heshima kwako. Lakini Mwinyi alikuwa na Nyerere juu yake. Aliyekiri alikuwa na mtu wa kumpokea. Mimi nani atanipokea?

#8 Mama Zabibu, Hombolo

Hapo umenishika kaka. Labda swali basi lihamie kwa bosi: mtu wa chini yako akikuletea kosa lake asubuhi, unamfanya nini kufikia jioni? Ofisi nzima inakuangalia hapo.

#9 Irangi

Naona uzi unaelekea upande mmoja, ngoja niutie chumvi.

Kwetu Kondoa makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke kwenye eneo lililoharibika. Yote. Babu zetu walilia, wengine walihama na ng'ombe wao, wengine waliuza kwa bei ya kutupa. Ungeitisha mkutano mwaka ule, kila mtu angetaka kiongozi apande jukwaani aseme nimekosea.

Leo pita Kondoa milimani uone miti. Ardhi ilirudi. Baadaye ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani wakaruhusiwa. Je, lilikuwa kosa? Namna walivyofanya iliumiza, hilo sitalikana, na sijasikia nani aliomba radhi kwa maumivu yale. Lakini uamuzi wenyewe wangeufuta kwa sababu ya kelele, tungekuwa tunalima makorongo mpaka leo.

Ninachosema ni kwamba kiongozi anayeomba msamaha kila akipigiwa kelele naye ni hasara. Huyo hajakiri kitu, kaogopa tu. Mzee wa pampu alikuwa na harufu ya waya mezani.

#10 Mzee wa Mbande

Irangi umenena. Na kuna makundi mengine mawili watu wanayachanganya. Kuna aliyekosea na kuna aliyeiba. Siku hizi aliyeiba naye akibanwa anasema "nimeteleza, mimi ni binadamu". Huyo hajateleza, alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye kabati. Aende mahakamani.

Halafu kuwajibika na kukiri si kitu kimoja. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu hapahapa Dodoma, bungeni, Februari 2008, na mpaka anafariki alishikilia kwamba hakufanya kosa. Simhukumu. Ila unaweza kuachia kiti bila kukiri, na unaweza kukiri ukabaki na kiti. Sisi tumezoea kudai kiti, tukikipata tunaondoka. Tunasahau kuuliza kilichotokea.

#11 Kijana wa Nkuhungu

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wa kwetu akivuliwa anauliza nani kazima taa 😂

#12 Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma uzi wote kwa makini, mzuri sana. Nina swali dogo kwa mwanzisha uzi.

Umeandika "taratibu zikafuatwa, hela ikatoka". Mimi nimekagua hesabu za jumuiya za namna hii kwa miaka mingi. Akaunti haitoi shilingi kwa sahihi ya mwenyekiti peke yake. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza hazina, na kuna katibu. Wewe ndiye katibu. Na kipimo cha kisima, karatasi yenyewe ya fundi, hutunzwa na nani kama si katibu?

Nakuuliza kwa nia njema kabisa.

#13 Kijana wa Nkuhungu

Eeeeh! Mkaguzi kaingia na tochi.

#14 Mtumishi Mtumba

Tunasubiri majibu. Na asije akatuambia kulikuwa na changamoto.

#15 Irangi

Siku ya pili leo kimya. Mwana wa Bahi, upo?

#16 Mwana wa Bahi

Nipo. Nimesoma swali la #12 tangu juzi usiku. Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. La kwanza nilisema mtandao ulisumbua.

Ni kweli. Hela ilitoka kwa sahihi tatu na ya pili ni yangu. Karatasi ya fundi ilikuwa kwangu, kwenye lile faili la kijani ninaloweka juu ya kabati. Mzee aliponiletea fomu ya benki nilikuwa natengeneza baiskeli. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikasaini juu ya goti. Nilikumbuka lita 3,000. Nasema kweli, nilizikumbuka. Nikajiambia mwenyekiti ni mtu mzima, mimi ni nani nimbishie, na kitongoji cha juu ndiko anakotoka mke wangu. Nami nilitaka shemeji zangu wapate maji.

Siku ya mkutano nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Aliposema "niliiua mimi" nilingoja aseme "na katibu". Hakusema. Alinitazama mara moja tu akaangalia pembeni. Nikaandika muhtasari. Mwandiko ni wangu: "Mwenyekiti alikiri kosa." Mimi nimebaki katibu mpaka leo, na huwa wananisifu kwamba vitabu vyangu ni visafi.

Kumbe hata hapa nilipoandika nimetumia maneno yaleyale ninayoyacheka. "Taratibu zikafuatwa." "Hela ikatoka." Hela haitoki yenyewe. Niliitoa.

#17 Mama Zabibu, Hombolo

Pole na hongera, vyote viwili. Mzee anaendeleaje?

#18 Mwana wa Bahi

Yupo mama. Hana cheo, lakini kila Jumatatu asubuhi huenda kisimani na kamba yenye mafundo kupima kina cha maji, anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa kibanda. Hakuna aliyemtuma. Hesabu yake naihamishia kwenye daftari.

#19 Mkaguzi Mstaafu

Ahsante kwa jibu. Sasa umetwambia sisi ambao hatuchoti maji pale. Wenye ndoo umewaambia?

#20 Mwana wa Bahi

Bado. Mkutano ni Jumamosi, baada ya mnada. Kesho jioni nitapitia kwa Mzee kwanza.